Vifungo Sita vya Gauni la Wifi

Magharibi ya mkesha wa Krismasi, mama mkwe wangu alinituma vifungo.

"Sita," alisema bila kuinua uso kwenye cherehani. "Vyeupe, vya matundu manne. Duka liko ng'ambo ya barabara. Nenda na urudi."

Nenda na urudi. Nilidhani ndiyo namna yake ya kusema asante.

Tulikuwa tumetua jana yake: mimi, mume wangu, na binti yetu wa miaka minne tunayemwita Chiriku kwa sababu hajanyamaza tangu azaliwe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka kwenda kwa wakwe. Miaka mitano nilikuwa nimetoa kila kisingizio: mimba, kazi, pasi ya kusafiria imeisha muda. Sasa visingizio viliisha na mimi nikawa hapa, nikizichungulia tiketi za kurudi ndani ya mkoba kila nilipokwenda chooni. Tarehe ishirini na saba, saa nne asubuhi. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: nitabasamu siku nne, kisha nirudi kwangu na mume wangu na mwanangu.

Tulikuja watatu. Turudi watatu.

Kosa langu nilikuwa nimeshalifanya miezi miwili kabla. Mama mkwe ni fundi cherehani, na kila Krismasi huishonea familia nzima nguo za kitambaa kimoja. Aliomba vipimo vyangu. Mimi nimesomea takwimu; nalipwa kuwaambia watu wazima kwamba ukiingiza namba za uongo utatoa majibu ya uongo. Halafu nikakaa kitandani na simu yangu, nikamtumia vipimo vya gauni langu la harusi. Kiuno inchi ishirini na nane. Kiuno hicho niliagana nacho wodi ya wazazi.

Nilitaka anione mwembamba. Basi. Msomi mzima.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Sikuwa nimemaliza kusema neno "vifungo" na tayari alikuwa amefungua droo.

"Sita, siyo? Kwa fundi wa ghorofa ya nne."

"Ndiyo. Mimi ni mkwe wake."

Mkono wake uliganda juu ya kaunta.

"Kila mwaka huwa anawatuma wanaume," alisema taratibu. "Mwaka huu amempata mwanamke."

Nilicheka kwa adabu, kama unavyocheka ukiwa ugenini na hujaelewa. Nikachukua vifungo vyangu.

Nilipoingia kwenye jengo, mlango wa lifti ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na mwanamke mmoja. Alikuwa ameuelekea ukuta, kama mtoto aliyepewa adhabu. Kulinuka vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, na chini yake harufu nyingine... kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi na kusahaulika.

Nikabonyeza nne. "Nawe nikubonyezee ngapi?"

Akajibu kwa mnong'ono:

"Nne."

Lifti ilipanda ikikwaruza. Ilipofunguka, hakusogea.

"Tumefika," nikasema.

"Tangulia..." Bado aliuangalia ukuta. "Nguo yangu haijawa tayari."

Mteja wa dakika ya mwisho, nikawaza. Mafundi ni wale wale popote uendako.

Chumba cha kushonea kilikuwa cha moto kwa pasi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa akinyoosha suruali. Yeye ni fundi wa lifti, mcheshi, na kwa siku moja alikuwa ameshanitania zaidi kuliko kaka yake kwa mwaka.

"Kuna mteja anasubiri kwenye lifti," nikamwambia.

"Lifti ipi?"

"Si hii ya kwenu. Nimepanda nayo sasa hivi."

Aliiweka pasi chini. "Mama Chiriku, lifti nimeizima mwenyewe tangu saa nane mchana. Breki zinasumbua. Umepanda ngazi, pumzi zimekata, sasa unaota umesimama."

Nilitoka hadi kwenye korido. Mlango wa lifti ulikuwa umefungwa na mnyororo umepitishwa. Taa ya namba ilikuwa imezimika.

Nikarudi ndani. Sikutaka kuwa yule mkwe mgeni ambaye siku ya pili tu ameanza kuona vitu.

Nguo zilikuwa zimetundikwa kwenye bomba, zote za kitambaa cha kijani kilichoiva, chenye nukta nyeupe. Nilizihesabu kwa mazoea ya kazi. Mama mkwe, shemeji, mume wangu, Chiriku, mimi. Tano.

Zilikuwa sita.

"Hilo la mwisho ni la dada," alisema shemeji. Utani ulikuwa umemtoka sautini. "Mama humshonea kila mwaka. Humwongezea kidogo kiunoni, kidogo nyongani, kwa kukisia mwili wa mtu anayekua mkubwa. Halivaliwi. Linawekwa kwenye kiti chake, likishapita Krismasi analikunja."

"Mume wangu aliniambia alifariki."

"Ndivyo tunavyosema kwa watu." Aliikwangua kucha yake. "Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mkesha kama huu. Alitumwa vifungo."

Sikuuliza vingapi.

Mama mkwe aliingia wakati huo huo, utepe wa kupimia shingoni. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na macho yake hukupima kabla hajakusalimu. Alivitazama vifungo kiganjani mwangu, kisha akanitazama mimi muda mrefu.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi, mama."

"Basi vishone kwenye hilo gauni la mwisho. Kisha uvae, tule."

Alitoka na shemeji akamfuata. Nikashona vifungo vyote sita. Kisha nikashusha gauni langu na kuliingiza kichwani.

Lilikwama mabegani.

Nilivuta. Nilitoa pumzi zote, nikajikunja, nikajaribu kuingilia kwa miguu. Mshono wa kwapani ulilia. Nilisimama katikati ya chumba cha mama mkwe na nguo ya ndani tu, nikiwa nimevuja jasho, na huko sebuleni walikuwa wanapanga sahani. Ningewaambia nini? Kwamba nilidanganya kiuno?

Nikalitazama lile la mwisho.

Kitambaa ni kimoja, rangi ni moja. Nani angejua? Wangeliweka langu kwenye kile kiti, na ningelirudisha hili wakishalala. Nikalivaa. Liliteleza mwilini kama maji. Mabega sawa, nyonga sawa, urefu sawa. Nilifunga vifungo sita, na cha sita kilipoingia tunduni nilisikia mlio mdogo kwenye korido.

Ting.

Lifti.

Nilipoingia sebuleni Chiriku alikuwa juu ya kiti akimsimulia shemeji habari za ndege na mawingu. Aliniona. Akanyamaza.

Mwanangu hajawahi kunyamaza.

Alishuka kwenye kiti, akaja mbele yangu, akainamisha kichwa kama tulivyomfundisha mbele ya wakubwa.

"Shikamoo, shangazi."

Nilicheka. Nikamgeukia shemeji. "Wewe ndiye umemfundisha huu mchezo."

Shemeji alikuwa na machozi. Na mume wangu, mume wangu anayejua hata alama ya mshono chini ya tumbo langu, aliinuka, akanishika mabega kwa mikono miwili.

"Dada," alisema. "Ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Acha upuuzi. Ni mimi. Mama Chiriku."

"Mama Chiriku ametoka," alinijibu kwa upole, kama unavyomjibu mgonjwa. "Ametumwa vifungo. Sasa hivi atarudi."

Mlango wa mbele ulifunguka.

Harufu iliingia kwanza.

Alivaa gauni nililoliacha chumba cha kushonea dakika mbili zilizopita. Lilimkaa kama lilivyokusudiwa, kiuno inchi ishirini na nane. Uso wake... nashindwa kuuelezea uso wake. Ulikuwa kama wangu kwenye picha za harusi, uliotazamwa kupitia maji.

"Samahani nimechelewa," alisema. "Dukani kulikuwa na watu."

Akaweka vifungo sita vyeupe juu ya meza.

"Mama!" Chiriku alipiga kelele, akamrukia, akamzungushia miguu kiunoni. Na yule kiumbe akambeba. Akambusu pale pale ninapombusu mimi, nyuma ya sikio.

Nilimvamia. Nilimkamata mwanangu mkono. Chiriku akalia, lakini si kilio cha hasira. Kilikuwa cha hofu, na alinihofia mimi.

"Shangazi ananiumiza, mama."

Mume wangu alinisogeza kando, kwa adabu, kama mtu anavyomsogeza dada aliyepitia makubwa. Nilimwambia mambo ambayo mimi na yeye tu tunayajua. Nilimtajia tulichoambiana chumba cha kujifungulia. Alitikisa kichwa kwa huruma. "Nani amekusimulia hayo, dada?"

Nilivuta gauni. Vifungo havikutoka kwenye matundu. Nilivivuta mpaka kucha zikavunjika.

Kisha nikasikia cherehani, nikaifuata sauti.

Mama mkwe alikuwa amerudi kwenye chumba chake. Alikuwa anaizungusha cherehani bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka hewani.

"Mama," nikasema. Nilipiga magoti. "Wewe unanijua mimi ni nani."

"Nakujua," alinong'ona. "Wote hawakujui. Mimi nakujua."

"Basi waambie."

"Nilikwenda kwa mtu, mwaka ule aliopotea. Aliniambia, mtume mwanamke mwingine wa nyumba hii kwa vifungo vile vile. Atakayerudi, avae nguo ya aliyepotea. Sikuwa na mwanamke mwingine." Sindano ilipanda, ikashuka. "Kisha ukanitumia vipimo. Nilikaa chini, mwanangu. Vilikuwa vyake. Inchi kwa inchi, vya siku aliyotoka. Nikasema, huyu amenitumia mwenyewe. Ameridhia."

"Nilidanganya tu, mama. Nilitaka unione mwembamba."

Aliniangalia. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yangu nilitamka ukweli wa kipuuzi kiasi hicho mbele ya mtu aliyekuwa anaumia kiasi hicho.

"Kaa na mimi," alisema. "Wao wataondoka watatu. Hakuna atakayepungukiwa."

"Nina mtoto."

"Na mimi nilikuwa na mtoto."

Mkasi ulikuwa mezani, ule mkubwa wa kukatia. Niliuchukua. Hakunizuia. Nilipoupeleka kifuani, kwenye uzi wa kifungo cha kwanza, alisema kitu kimoja tu, kwa sauti ya fundi aliyemwona mwanagenzi akiharibu kazi:

"Polepole. Usikate kitambaa."

Nilikata. Cha kwanza. Ndani ya kila uzi mlikuwa na unywele mrefu mweusi, na sikuwa mimi niliyeuweka. Cha pili. Sebuleni mtu alianza kukohoa. Cha tatu, cha nne. Kikohozi kikawa kilio... kilio cha msichana mdogo, si cha mwanamke. Mama mkwe aliziba masikio. Cha tano. Cha sita kiliruka, nikakisikia kikibiringika kuelekea mlangoni.

Gauni lilianguka miguuni pangu. Kilio kikakatika.

"Mama?" Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, kidole mdomoni. "Mbona huna nguo?"

Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

Mume wangu na shemeji hawakukumbuka chochote. Waliniambia nilichelewa kuvaa na chakula kikapoa. Kwenye kile kiti cha wifi lilikuwa limewekwa gauni jembamba la kijani. Niliweka kiganja juu yake.

Lilikuwa na joto.

Tuliondoka watatu, na nilituhesabu mlangoni, kwenye foleni, ndani ya ndege. Vifungo niliviokota vyote nikavitupa, isipokuwa cha sita. Hicho nilikitafuta chini ya kila kitu, sikukiona.

Mwaka umepita. Nimepungua sana. Kazini wananisifu, wananiuliza nafanya mazoezi gani. Sifanyi. Nakula kama mtu anayefanya kibarua. Wiki iliyopita nilikwenda kwa fundi wa mtaani kwetu, nikamwomba anipime kiuno bila kumwambia sababu. Alisoma utepe, akatabasamu.

"Ishirini na nane, mama. Hongera."

Leo magharibi simu ililia. Ilikuwa yeye.

"Nashona za Krismasi," alisema mama mkwe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwaka huu nitumie vya kweli."

Nyuma yake nilisikia cherehani ikizunguka, ingawa yeye alikuwa na simu mkononi.

Nikamtajia namba kubwa. Thelathini na sita. Arobaini na nne. Chochote kilichokuwa mbali na mwili wangu. Niliongea haraka, nikakata, nikaegemea ukuta.

Chiriku alikuwa amekaa sakafuni akichora. Siku hizi huongea kidogo. Alikuwa na kitu kidogo cheupe, chenye matundu manne, akikizungusha kati ya vidole.

Aliinua uso, akanitazama kwa heshima zote.

"Shangazi," alisema, "kwa nini umemdanganya Bibi?"