Futi Kamba ya Nimpaye

Siku ya gulio Biharamulo, mwaka 1978, fundi Nimpaye aliacha cherehani na sindano ikiwa ndani ya nguo, akatoka kumtazama mwendawazimu. Kijana mzima, suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni vimejaa vumbi jekundu, amesimama kando ya kisima cha soko akipandisha na kushusha mikono mitupu, kisha anaandika daftarini.

"Kaka, unapigana na nani?"

"Napima mpini wa pampu, dada."

Aliitwa Bulugu, Msukuma wa Shinyanga, mwanafunzi wa shahada ya pili ya uhandisi. Kozi yao iliwataka yeye na wenzake wanne wabuni kitu cha kweli kwa mfadhili wa kweli, nao walipewa kazi na kiwanda cha zana cha Mwanza: pampu ya mkono kwa vijiji vya ujamaa.

"Unaupima kwa mwili wa nani?"

"Wangu."

Nimpaye alicheka mpaka khanga ikamteleza begani. "Kwenu Shinyanga wanaume ndio wachota maji?"

Bulugu akaufuta ukurasa mzima. Hilo lilimpendeza Nimpaye. Wanaume wengi aliowajua wangefoka. Akavua futi kamba shingoni. "Njoo barazani kwangu."

Tangu siku ile kila aliyekuja kushona gauni alipimwa mara mbili, kwa gauni na kwa pampu: bega, kiwiko, na anavyoinama akiwa na mtoto mgongoni. Bulugu aliandika na kuuliza. Mbona mjamzito anasimama ubavu? Mbona huyu wa kijiji cha Kasulo anashika kwa mkono mmoja? Nimpaye naye akataka kujua chuma huchoka vipi. Kufika mteja wa sitini walikuwa wanapendana, na soko zima linajua.

Oktoba michoro ilibandikwa ukumbini huko Mwanza, mbele ya mabwana wa kiwanda. Nimpaye alikwenda na kitenge kipya. Chini ya mchoro palikuwa na majina matano ya wanaume, na maneno: vipimo vimekusanywa na kundi.

"Ni sheria ya kozi, mpenzi," Bulugu alinong'ona. "Wanaandikwa waliosajiliwa tu."

"Basi kawapende waliosajiliwa."

Aliumia, akalia njia nzima. Barua tatu zilikuja kutoka Mwanza. Hakujibu hata moja.

Novemba vita vikatangazwa, malori ya jeshi yakapita mjini kutwa. Mchana mmoja Celestini, karani wa posta, akaja mbio: Bulugu anamngoja kwenye simu. Nimpaye alikwenda na pini zikiwa bado kifuani.

"Nimpaye? Niliwaambia kiwandani kweli yote. Vipimo ni vyako."

Alitaka kununa, lakini udadisi ukamshinda. "Wakasemaje?"

"Mkubwa wao akauliza jina lako linaandikwaje. Sasa ndilo la kwanza kwenye mchoro."

"Na kozi yako?"

"Mwalimu kanirudisha nyuma mwaka mmoja kwa kuvunja sheria."

"Mjinga wewe," alisema kwa mapenzi.

"Kuna jingine. Pampu itangoja. Nimejiandikisha jeshini, kesho naenda Kyaka na wajenzi wa madaraja. Nikirudi nataka kukuoa. Nishonee suti, mpenzi. Andika vipimo, nakutajia."

Nimpaye hakushika penseli. Kifua chake, mabega, urefu wa mguu, vyote alivijua kwa jicho tangu siku ya kisima. Angeweza kukata suti ile jioni hiyohiyo.

"Sipimi bwana harusi kwa simu," alisema. "Rudi nikupime mwenyewe. Mikono miwili, miguu miwili. Umesikia, Bulugu?"

"Nimesi…"

Laini ikakatika. Celestini alijifanya anapanga stempu.

Nimpaye alirudi barazani, akatandaza mezani kitambaa cheusi cha suti alichokuwa amekificha tangu Septemba. Akaweka mkasi juu yake, hakukata.