Holda Kando ya Gia

ALHAMISI, ASUBUHI. MAKUTANO, MERU.

Nyuma ya mahali pa kuoshea magari palikuwa na chumba cha mabati. Meza moja, viti vitatu, watu wanne. Nyamu ndiye aliyesimama. Mgongo ulimuuma akikaa, ulimuuma akisimama, lakini akisimama angalau alikuwa karibu na mlango.

Kaimenyi alichora barabara kwa chaki juu ya meza. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye sauti ya mwalimu. Kazi zote za wizi walizofanya kwa miaka alikuwa amezipanga yeye.

"Embu mjini iko hapa. Kianjokoma hapa. Kesho wakulima wanalipwa makadamia. Mnunuzi anaitwa Bundi. Hapendi kulipa na simu, analipa kash. Dereva wake anatoka benki na mfuko, peke yake, na pikapu nyeupe. Mimi nitakuwa nyuma yake na pikipiki. Nyamu na Riungu mtangoja kwa ile barabara ya majani chai. Nikisema toka, mnatoka."

"Na bunduki?" Nyamu aliuliza.

"Ya kuonyesha tu."

Riungu alicheka. Alikuwa kijana mpana wa mabega, na dada yake ndiye mke wa Kaimenyi. Bastola ilikuwa yake. Hakuwahi kuionyesha tu.

"Halafu?"

"Mnanipea mfuko pale juu ya mto. Mimi naingia na njia ya shamba mpaka Runyenjes. Nyinyi mnateremka Embu, mnapita moja kwa moja mpaka Kiritiri. Kuna lori la makaa litawachukua. Gari mnaliacha."

Gari lenyewe lilikuwa nje, limefunikwa turubai. Gari la mbio la Kijapani, la rangi ya fedha, viti viwili, tumbo chini kama mjusi. Kaimenyi alilitoa wapi, hakuna aliyeuliza. Nyamu alikuwa ameshaendesha malori, mabasi na magari ya mazishi. Hili lilimchosha kulitazama tu.

"Sasa simu," Kaimenyi alisema. "Nyamu lazima aone ramani na anisikie, mikono ikiwa kwa usukani. Kanini, toa hizo vitu."

Kanini aliuza vifaa vya simu kwenye kibanda mjini Embu. Ndiye aliyeleta habari za Bundi. Alimwaga mezani holda za simu za aina nne.

Walitoka wakazijaribu moja moja.

Ya kwanza ilikuwa ya kunyonya kioo. Lakini kioo cha gari hilo kililala mbali mno. Nyamu aliunyoosha mkono wote na bado vidole havikufika. Ya pili ilikuwa ya kubana kwenye tundu la hewa. Matundu ya gari hilo yalikuwa ya mviringo, nayo ikazunguka ikaangusha simu sakafuni. Ya tatu ilikuwa ya sumaku, ndogo kama kifuniko cha soda, ya kubandika karibu na redio. Nyamu aliibandika, akaweka simu, akaitoa kwa kidole kimoja, akairudisha.

"Hii," alisema. "Inatosha. Haiko kwa njia yangu."

"Hapana," Kaimenyi alisema.

Aliokota ya nne. Mkono wa chuma, mrefu, wa kufungwa na bolti ya kiti cha abiria, na juu yake makucha manne ya kubana simu kwa skrubu. Waya wa chaji ulipita ndani yake.

"Hiyo itanigonga mkono nikiingiza gia ya tatu," Nyamu alisema.

"Utazoea."

"Na simu kutoka ni kazi."

"Isitoke. Isizime chaji. Riungu asiiweke mfukoni. Ikae hapo mpaka Kiritiri." Kaimenyi alikuwa tayari amepiga magoti akifungua bolti. Simu aliyoifunga ilikuwa mpya, yenye laini mpya na majina yao wote ndani yake. "Wewe ni dereva, mzee. Mambo ya mitambo niachie."

Nyamu alimtazama Kanini ili amsaidie. Yeye ndiye aliyejua vitu hivi. Kanini alikuwa anarudisha zile nyingine kwenye mfuko, macho chini.

"Ni nzuri pia, Baba Kaari," alimjibu Nyamu polepole. "Kwa gari la chini kama hili, watu wengi huchukua hiyo."

Nyamu alikuwa ameacha kubishana kitambo. Alijaribu gia ya tatu, akagonga kifundo cha kidole kwenye chuma, akajaribu tena, akagonga tena.

IJUMAA, JUA LIMEPANDA. KARIBU NA KIANJOKOMA.

Walingoja kwenye barabara ya vumbi katikati ya majani chai. Wanawake waliochuma waliinua vichwa wakaliona gari, wakaambiana kitu, wakacheka. Wawili walilipiga picha.

"Wanatupiga picha," Nyamu alisema.

"Wanapiga gari," Riungu alisema.

Kwenye simu, alama ya buluu ilipanda kutoka Embu. Huyo alikuwa Kaimenyi. Sauti yake ilisikika ikipasuka kwa upepo wa pikipiki.

"Amepita kanisa. Yuko peke yake. Jitayarisheni."

Nyamu aliwasha injini. Hakuogopa. Hilo ndilo lililomsumbua. Zamani hofu ilimjia kabla ya kazi, na ilipoisha akahisi yuko hai. Sasa alihisi tu usingizi.

"Toka!"

Alitoka. Gari lilikwaruza tumbo kwenye mawe, likaruka kwenye lami, likasimama kimshazari mbele ya pikapu nyeupe. Breki zililia. Riungu alikuwa ameshashuka.

Dereva wa pikapu alikuwa mtu wa makamo, kofia ya sufu kichwani hata kwenye jua. Jina lake Gedion, ingawa Nyamu alikuja kulijua baadaye. Aliinua mkono mmoja.

"Chukua! Chukua tu, kijana. Iko hapa."

"Toka nje!"

"Natoka, natoka."

Mkono wa pili ulishuka kufungua mkanda wa kiti. Mkanda uligoma. Akauvuta. Riungu aliona mkono unaoshuka na bega linalotikisika, akafyatua.

Ulikuwa mlio mdogo, kama mlango wa mabati. Gedion aliangalia paja lake. Hakupiga kelele. Alionekana kushangaa tu, kama mtu aliyemwagiwa chai.

Riungu alirudi na mfuko na ufunguo wa pikapu, akaangukia kitini. "Endesha!"

"Alikuwa anafungua mkanda."

"Endesha, buda!"

Nyamu aliendesha. Gia ya pili. Ya tatu. Chuma kikamgonga kidole.

JUU YA MTO.

Kaimenyi alikuwa amewatangulia kwa njia ya mkato, pikipiki ikinguruma. Hakuvua kofia. Alipokea mfuko kupitia dirishani, akaufunga kifuani.

"Nimesikia mlio."

"Ameshika kitu," Riungu alisema.

"Mkanda," Nyamu alisema. "Anavuja damu vibaya, Kaimenyi. Nimeona."

"Watu watamsaidia. Nendeni Kiritiri. Msibadilishe njia. Na simu isizimwe, nataka niwaone mmefika salama."

Akageuza pikipiki, akamezwa na migomba.

Walikuwa hawajafika mjini simu ilipolia. Jina la Kanini liliwaka mbele yao wote wawili. Nyamu alibonyeza kwa kifundo kilichochubuka.

"Baba Kaari." Alikuwa analia. "Uko na Riungu?"

"Tuko."

"Ng'oa hiyo simu. Itupe. Kaimenyi amewauza. Kuna polisi mmoja, karao wake, anawaona na hiyo ramani. Ndiyo maana alitaka hiyo holda, ndiyo msiitoe. Wanawangoja kabla ya Kiritiri."

"Uongo," Riungu alisema.

"Aliniambia mtashikwa tu, mkae ndani kidogo. Nikakubali, Mungu anisamehe. Sasa hivi amenipigia akasahau kukata simu, nimemsikia akiongea na huyo karao. Hamshikwi. Mtapigwa risasi mlale hapo hapo, halafu isemwe mfuko umepotea na nyinyi."

Simu ikakatika. Nyamu alipunguza mwendo, akaegesha kando ya shamba la mahindi.

"Mimi ni shemeji yake," Riungu alisema. "Watoto wake wananiita mjomba."

"Mpigie. Mwambie tunapita Siakago."

Riungu alipiga. Kaimenyi alijibu haraka.

"Mbona mmesimama?"

"Kuna traffic mbele," Riungu alisema. "Tunataka kupitia Siakago."

"Hapana! Kiritiri. Njia ile ile niliwaambia. Riungu, unanisikia? Njia ile ile."

Riungu alikata simu. Uso wake mpana ulikuwa umepungua ghafla, ukawa wa mtoto aliyepigwa mbele ya watu.

"Najua atasimama wapi kuhesabu hizo pesa," alisema. Akafungua mlango.

"Riungu. Bunduki iache."

Hakuiacha. Aliingia kwenye mahindi, mabua yakamfunga nyuma.

Nyamu alibaki peke yake. Angeweza kuitupa simu na kulitelekeza gari. Angeweza kupanda milimani kwa miguu hadi Kibugu, nyumbani, ambako Virginia mkewe angempa chai bila kumuuliza kitu, kwa kuwa naye pia alikuwa amechoka kuuliza. Aliyafikiria hayo yote. Kisha akamfikiria yule mtu wa kofia ya sufu akitazama paja lake.

Aligeuza gari.

Simu ililia mara moja. Kaimenyi. Hakuijibu. Ikalia tena, na tena.

BARABARANI, MCHANA.

Watu walikuwa wameizunguka pikapu. Wakulima, magunia ya makadamia, bodaboda. Walipoliona gari la fedha likipanda kurudi, walirudi nyuma kwanza. Halafu wakainama kuokota mawe.

Jiwe la kwanza lilivunja taa. Nyamu alisimamisha gari, akashuka mikono juu.

"Mnichome baadaye!" alipaza sauti. "Huyu ako hai?"

Fimbo ilimpata begani. Akaanguka goti moja.

"Ambulansi imefika?"

"Wamesema wako njiani," mtu mmoja alijibu, kabla ya kukumbuka kwamba hakupaswa kumjibu.

"Pikapu haina ufunguo, na kwa bodaboda atashikilia nini? Mtieni humu. Hili gari linafika hospitali kabla hamjamaliza kunipiga."

Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti chini karibu na Gedion, leso yake imekazwa kwenye paja, mikono myekundu hadi viwiko. Walimwita Ciku. Alimtazama Nyamu kwa chuki kamili, bila haraka.

"Na ukimtupa njiani?"

"Basi twende wote."

"Viti ni viwili."

"Nyuma ya viti kuna nafasi ya mzigo. Utajikunja."

Ciku aliinuka. "Mwinueni," aliwaambia wanaume. "Hawa wezi tutawapata. Huyu tukimpoteza hatumpati."

Walimwingiza Gedion. Goti lake likagonga ule mkono wa chuma, akalia kwa mara ya kwanza. Nyamu alikishika chuma kwa mikono miwili, akakivuta, akakipindisha hadi kikalala upande wake, makucha yakiwa bado yameikumbatia simu. Ciku alijikunja nyuma, mikono ikapita kati ya viti kubana paja.

Nyamu aliendesha. Hakuwa amewahi kuendesha vile, si kwa pesa wala kwa kukimbia mtu. Kona baada ya kona, honi haikunyamaza. Gedion aliomba kwa Kiembu, maneno yaleyale, yakizidi kuwa madogo.

"Ongea naye," Nyamu alisema.

"Naongea naye. Wewe angalia barabara."

Simu ililia. Goti la Nyamu likaibonyeza bila kutaka.

"Unarudi wapi?" Kaimenyi alifoka. "Naona umerudi. Nyamu! Una wazimu?"

"Nani huyo?" Ciku aliuliza.

"Ndiye ako na pesa zenu. Kaimenyi wa Makutano. Yuko na pikipiki nyekundu, njia ya Runyenjes."

Kwenye simu, mngurumo wa pikipiki ulikatika.

"Kaimenyi wa Makutano," Ciku alisema kwa sauti ya kuhubiri. "Tumekusikia."

Alama ya buluu ikazimika.

IJUMAA, JIONI. KITUO CHA POLISI.

Walimkamata mlangoni pa hospitali, damu ya mtu mwingine kwenye suruali. Hakukimbia. Alisema yote, jina baada ya jina, na la Kanini pia, na habari za yule polisi kadiri Kanini alivyomweleza. Aliyeandika aliacha kuandika kidogo alipofika hapo, kisha akaendelea.

Habari za Kaimenyi zilikuja kabla ya giza. Riungu alimfikia kwanza. Walipatikana wote wawili kwenye njia ya shamba, mmoja amekufa, mwingine ameketi kando yake na mfuko miguuni, akimpigia dada yake simu ambayo haikupokelewa.

Ciku aliletwa kuandikisha maelezo. Alipopita mbele ya seli alisimama. Alikuwa ameosha mikono, lakini si kucha.

"Sikuja kukushukuru," alisema.

"Najua, mama."

"Mguu wameukata."

Nyamu aliegemea ukuta.

"Lakini ako hai. Ameamka. Ameuliza ni nani alimpeleka hospitali."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ni yule yule aliyemzibia njia."

Nyamu alitikisa kichwa kukubali. Ciku akaenda zake. Nyamu alijilaza kwenye saruji baridi, mgongo ukanyooka, na usingizi ukamchukua kabla askari hajafunga mlango wa nje.