Vibanio vya Mlango wa Dereva

Msinicheke. Haya yalimpata shemeji yangu, mume wa dada, mchana kweupe, na mimi nilikuwepo.

Shemeji alikuwa fundi wa kutengeneza upya ndani ya magari ya kizamani. Tulimwita Orijino, maana kwake kitu feki ni tusi. Siku ile, ili amalize gari moja, alikuwa amebakiza kutafuta vibanio vinne tu, vile vya chuma vinavyoshika paneli ya mlango wa dereva. Madukani vilijaa vya plastiki.

"Hivyo vitalia kwenye kila shimo la barabara," akasema. "Twende kwenye magari chakavu."

Huko tukakuta gari la aina ileile, ubavu umebonyea. Mlinzi wa pale akatuonya, "Chukueni vya mlango wa abiria. Wa dereva uacheni. Mwenyewe alinasa humo, akaupiga ngumi mpaka akakata roho."

Vya abiria vilikuwa vimeliwa na kutu. Vya dereva, eti, vinang'aa! Mlinzi alipogeuka, shemeji akaving'oa kwa kidole chake chenye ukucha uliopasuliwa na nyundo, paneli ikaanguka chini, akanikonyeza. La kuvunda halina ubani, jamani.

Gerejini vikaingia barabara. "Umeona? Orijino ni orijino."

Mlango ukagongwa. Kutoka ndani yake.

Tukatazamana. Ukagongwa tena, paneli ikavimba. Shemeji akapenyeza vidole aibandue. "Lete bisibisi," akanong'ona. Kisha akapiga ukelele.

Kitu kilikuwa kinamvuta. Nikamkamata kiunoni. Kikavuta. Nikavuta. Mfupa ukalia. Damu ikanirukia machoni. Tukaanguka chali, na mkono wake wa kulia ulibaki na gumba tu.

Mkono ule ndio uliolisha nyumba ya dada yangu. Hospitalini daktari akasema, "Vileteni vidole upesi, huenda vikaungika." Nikarudi gerejini mbio, nikapasua paneli kwa shoka. Mlangoni hamkuwa na kitu. Hata tone la damu.

Nikaviokota vile vibanio, nikakimbilia kule kwenye magari chakavu. Pengine kitu kile kitakubali tubadilishane, nilijiambia, huku nalia.

Paneli tuliyoiangusha ilikuwa imerudi mahali pake, imebanwa vizuri. Kwenye kila tundu kulikuwa na kidole. Kimoja kilikuwa na ukucha uliopasuka.

"Usivute," mlinzi akaninong'oneza.

Nikakishika nivute. Kilikuwa bado na joto. Kikajikunja, kikanishika.