Utomvu Niliopaka Mkanda wa Mashine

Nina miaka arobaini na tatu na nimeishia darasa la saba. Ninaishi Mtawanya, pembezoni mwa mji wa Mtwara. Ndugu wasomaji, mimi ndiye niliyemfanya dada yangu kuwa mjane... na kwa siku arobaini nilikula chakula alichonipakulia, nikiwa nimenyamaza.

Shemeji yangu Bakari alikuwa mume wa dada Somoe, dada aliyenilea. Tulifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wageni yenye uwanja mkubwa wa majani. Yeye aliendesha mashine ya kukatia majani, ile ya kukalia kama trekta dogo. Mimi niliitunza.

Mashine ile huvutwa na mkanda wa mpira. Ukikanyaga pedali, mkanda hulegea na mashine husimama. Kila wiki nilitakiwa kuukagua na kuukaza. Sikukagua! Nilimwambia bosi kila kitu kiko sawa.

Asubuhi moja mkanda ukaanza kuteleza. Nikakaza nati mpaka mwisho, wapi! Ulikuwa umejaa nyufa. Ulihitajika mpya, lakini ningeuombaje wakati juzi tu nilisema huu ni mzima?

Nikaenda kwenye mkorosho nyuma ya stoo, nikabandua utomvu, ule tuliotumia utotoni kama gundi ya tiara za karatasi. Nikaulainisha kwa maji, nikaupaka kwenye mkanda. Ukashika! Lakini moyo haukutulia...

Bakari akapanda, akacheka. "Shemeji, umeilisha nini hii? Jana ajuza, leo mwali!"

"Endesha wewe, maneno mengi ya nini?"

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Jua likapanda. Mkanda ukapata moto, utomvu ukaunatisha kwenye gurudumu lake, usiweze tena kulegea. Nikamsikia akiniita kutoka pale uwanja unapoinamia mtaroni. Alikanyaga pedali kwa nguvu zote... mashine haikusimama! Ikaingia mtaroni, ikapinduka juu yake. Tulipoinyanyua, alikuwa ameshakata roho.

Polisi walipouliza, nilisema mashine ilikuwa nzima. Wakaandika kwamba dereva alikuwa mzembe.

Bosi alipokuja kutoa pole, dada alikuwa kwenye eda ya mumewe, haonani na wanaume wa nje. Mimi nduguye niliingia, akanituma: nimwombe bosi amsamehe marehemu kwa kuharibu mashine. Nami nikaufikisha ujumbe ule! Niliwezaje?

Siku ya arobaini, baada ya hitima, dada aliniomba niwafunze wanawe wasije kuwa wazembe kama baba yao. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote.

Hakulia. Alisema tu, "Radhi niliyomwombea mume wangu uliipeleka wewe kwa bosi. Nenda ukairudishe."

Nikaenda, nikakiri mbele ya bosi na wafanyakazi wote. Nikafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Niliporudi kumwambia dada, binti yake alisimama mlangoni, macho chini.

"Mjomba, mama anasema yuko eda... haonani na wanaume."

Ndugu zangu mnaotunza mashine, zimeni injini, kagueni mikanda yenu, na uliochakaa semeni umechakaa! Kama mmeshakosea, semeni kabla mtu hajapanda. Mimi ningesema, ningegombezwa tu asubuhi ile, na jioni Bakari angenitania kwa hilo...