Jino Lisilo Lake

Mvua ya Suva, huko Fiji, haibishi hodi. Mchana ule iliwakuta watu wa kituo cha mabasi kila mmoja na haraka zake. Isikeli alikuwa anapenya kati ya basi na basi, chapati yake ya kukunja ameikumbatia kifuani isilowe, aliposikia mwanamke anaita nyuma yake.

"Wewe! Wewe wa shati la buluu! Simama basi! Mtu gani anatembea kama anadaiwa?"

Akageuka. Msichana alikuwa amelowa chapachapa, gauni lake la zambarau limemganda, ua jekundu limelegea sikioni. Mkononi alishika kifurushi cha karatasi.

"Hii ni yako," alisema huku akihema. "Mzee Hari, muuza chapati, amechanganya. Mimi nililipia ya viazi, amenipa ya mbuzi. Yangu unayo wewe."

Isikeli alicheka. "Umekimbia na mvua yote hii kwa ajili ya chapati? Si ungeila tu? Yule mzee anachanganya kila siku, wala hajui."

"Ningeila, halafu nayo ingenila. Lete viazi vyangu."

Walikula pamoja chini ya banda la kituo. Aliitwa Melaia, alikuwa akishona sare za shule kiwandani. Isikeli alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli, Walu Bay, na mikono yake ilijaa madoa ya cheche. Melaia aliyatazama madoa yale akauliza kama kazini kwao wanachoma vyuma au wanachomana wao kwa wao. Mpaka mvua inakatika, kila mmoja alikuwa amekosa basi lake, na hakuna aliyelalamika.

Tangu siku hiyo simu haikupoa.

"Umekula, Isi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mihogo na samaki wa kopo."

"Maskini mume wa mtu! Nani huyo anakutesa hivyo?"

"Ni wewe, kwa kukawia kuja."

Mwaka ukapita hivyo. Kuja kwenyewe kulikuwa na njia yake. Watu wa Isikeli walipaswa kwenda nyumbani kwa Mzee Nemani, baba yake Melaia, wakae mkekani na kumwomba binti yake kwa tabua, jino la nyangumi. Bila jino, maneno yote ni upepo. Isikeli hakurithi jino kwa mtu, kwa hiyo alikwenda mahali wanapokwenda wengi wa mjini, duka la rehani, akachagua moja aliloliweza. Lilikuwa dogo, la rangi ya ndizi mbivu. Akalilipia kidogo kidogo, na kila akilifikiria uso ulimwaka kwa aibu.

"Ni dogo, Mela," alimwambia. "Binamu zako watanicheka mpaka nizeeke."

"Binamu zangu wana midomo. Kwani unaoa midomo?" Akamfinya sikio. "Hata likiwa la ukubwa wa kidole changu hiki, nitakwenda na wewe. Baba anatazama mtu, hatazami jino."

Laiti angemsikia.

Ijumaa, siku moja kabla ya kwenda kuposa, alipitia dukani kulichukua. Duka lilikuwa limejaa. Premila, yule dada wa kaunta, alikuwa anahudumia watu watatu kwa pamoja. Alimkabidhi kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa uzi, akamtakia heri, akageukia mwingine.

Nyumbani Isikeli akafungua gazeti. Ndani mlikuwa na jino refu, zito, lililoiva kwa mafuta na miaka mpaka likawa jekundu la kahawia, na kamba yake ya makumbi ya nazi ilisukwa kwa mkono wa mtu asiyekuwa na haraka. Karibu na fundo palizungushwa uzi wa sufu ya kijani. Lilikuwa jino la kuposea binti wa mtu mkubwa, tena la ukoo fulani. Halikuwa lake, na alijua hivyo kabla hajalishika vizuri.

Ilikuwa saa kumi na robo, na duka hufungwa saa kumi na moja. Alishika simu. Ndipo Mjomba Taniela, aliyekuja kumsemea mkekani, akaingia na kuliona.

"Lo! Mjomba! Hili ndilo jino! Umelipata wapi?"

"Nilibahatika," alisema Isikeli, akairudisha simu mfukoni.

Alijiambia kosa ni la duka, na duka ni la tajiri. Kwani yeye aliiba? Alipewa mkononi, mchana kweupe. Ukitaka kujidanganya hukosi mashahidi.

Jumamosi ile ilikuwa tamu. Melaia alivaa gauni la maua meupe, nywele zimechanwa duara, akachungulia kutoka jikoni. Mjomba Taniela alipolinyanyua jino kwa mikono miwili, binamu wenye midomo walikaa kimya. Mzee Nemani alilipokea, akalitazama kwa muda mrefu, akasema neno lao limesikiwa. Harusi ikapangwa baada ya wiki sita.

Wiki mbili hazijaisha, Melaia akapiga simu akiwa na hasira.

"Isi, mpenzi, unamjua Bibi Unaisi wa kanisani kwetu, yule mjane? Kimbunga kilipomwezulia paa aliweka rehani jino la marehemu mumewe. Jino la ukoo, Isi! Amelikomboa senti kwa senti, leo kaenda kulichukua wakampa jingine, dogo. Limepewa mtu mwingine! Dada wa kaunta wamemfukuza, wanasema ameuza. Bibi amelia mpaka tumembeba."

Isikeli alikaa chini.

"Upo?"

"Nipo."

"Sasa niambie, mtu gani huyo anapokea kitu cha mwenzake, anakiona si chake, na bado usingizi unakuja?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angesema tu, "Mela, ni mimi," Melaia angelia, angemtukana, na pengine kesho yake wangelirudisha pamoja. Badala yake alijisikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Pengine hakujua."

"Pengine," alisema Melaia, na hasira yake ikapungua. "Kweli, tusimhukumu mtu bure."

Kesho yake alikwenda kumpelekea Bibi Unaisi chakula. Bibi akamweleza kila kitu kuhusu jino lake, mpaka uzi wa kijani alioufunga mwenyewe ili wajukuu wasilisahau. Melaia alirudi nyumbani, akafungua kasha la baba yake, na hakuhitaji kutazama mara ya pili.

Alimngoja Isikeli kwenye lango la karakana. Alipomwona tu, kabla hajafungua mdomo, Isikeli alijua.

"Walinipa wenyewe, Mela. Walikosea."

"Najua walikosea."

"Niliona aibu. Nilitaka baba yako... Tungoje harusi ipite. Zimebaki wiki nne tu. Nitamlipa Bibi, nitamtafutia Premila kazi, naapa."

Melaia alimtazama kama mtu anayetafuta sura anayoijua katikati ya wengi.

"Jino ningelimeza, Isi. Tamaa inamshika kila mtu. Lakini nilikuuliza. Nilikuuliza mimi, kwa mdomo wangu, ukaniambia pengine hakujua. Na mimi nikaona umenizidi kwa huruma! Nikajisikia mbaya kwa kumsema mtu vibaya!" Akajifuta macho kwa mkono wa gauni. "Mwambie Baba mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Jioni ile ile Isikeli alikwenda na mjomba wake, akainama mkekani akaeleza yote. Mjomba Taniela alilia kwa fedheha. Mzee Nemani hakupandisha sauti. Alilitoa jino kashani, akasema, "Neno lililokuja na jino hili litatoka nalo. Twende tukampe mwenyewe."

Bibi Unaisi alilipokea, akaliweka shavuni, akafumba macho. Hakumlaumu Isikeli. "Nilidhani nitakufa bila kulirudisha nyumbani," alisema tu, na Isikeli alitamani bibi ampige kofi.

Dukani alieleza mbele ya wateja, wakamrudishia jino lake dogo. Walituma watu wamwite Premila kazini, lakini alikataa kurudi mahali alipoitwa mwizi. Isikeli alikwenda kwao kumwomba radhi. Mama yake Premila alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango taratibu.

"Mlango wangu haujafungwa," Mzee Nemani alimwambia baada ya mwezi. "Lakini mwenye jibu ni Melaia."

Na Melaia, alipoulizwa, alijibu kwa upole zaidi kuliko Isikeli alivyostahili. "Bado nakupenda, ndiyo taabu yenyewe. Lakini sasa nikikuuliza umekula, jibu lako nalisikiliza mara mbili. Nitaishije na mtu hivyo?"

Akapata kazi Lautoka, upande wa pili wa kisiwa, kwenye duka la ushonaji la shangazi yake. Siku ya safari alimpigia simu. "Basi la saa saba. Kama unataka kuniaga, njoo. Na usinibembeleze."

Isikeli alifika robo saa kabla, na jino dogo mfukoni, limefungwa kwenye leso. Hakutaka kubembeleza. Alitaka tu Melaia alione, lile dogo ambalo aliahidi angemkubali nalo. Melaia alikuwa ameshakaa dirishani, amevaa gauni la zambarau, lile lile.

"Ngoja nikuletee ya njiani," Isikeli alisema. "Ya viazi."

"Haya, fanya haraka."

Kwa Mzee Hari foleni ilikuwa ndefu. Alipewa vifurushi viwili, akakimbia. Nusu ya njia, harufu ikamsimamisha. Akafunua karatasi na kukuta za mbuzi, zote mbili. Nyuma yake kuna mtu alikuwa anafungua viazi asivyoviagiza. Basi lilikuwa linanguruma, lakini saa ilionyesha zimebaki dakika nne. Alirudi.

"Mzee, umechanganya. Hizi si zangu."

"Ah, mwanangu, nani anajali!"

"Tafadhali, mzee."

Alipogeuka na viazi mkononi, basi lilikuwa limeshaanza kutoka, dereva hakungoja saa. Alikimbia mpaka kwenye kona. Melaia alikuwa dirishani, mkono juu ya kioo, anamtazama. Kisha simu ikalia.

"Nimekuona, Isi," alisema. Alikuwa analia. "Nimekuona ukirudisha."

"Nimechelewa, Mela."

Alisikia mngurumo wa basi likipanda kilima, na Melaia akivuta pumzi.

"Ndiyo," alisema. "Umechelewa. Umekula?"

"Sijala."

Melaia akalisikiliza jibu lile.

"Haya, kula," alisema, na simu ikakatika.