Kapinga Mbele ya Bendera

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Monique na mdogo wake Kapinga walichota maji kwenye bomba la mtaa. Monique alikuwa na miaka kumi na mitatu, Kapinga tisa. Jumatatu hiyo Monique alitua ndoo yake mlangoni, akageuka, akamwona mdogo wake anakuja mikono mitupu.

"Ndoo yako iko wapi?"

Kapinga alitazama mikono yake kwa mshangao. "Kulikuwa na papa mmoja muzee pale bombani anatengeneza baiskeli. Mnyororo wake..."

"Ndoo, Kapinga!"

Alirudi mbio kuifuata, na kiatu kimoja kikabaki njiani.

Walikaa Kalemie, karibu na ziwa, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire. Baba yao, Papa Bonaventure, alikuwa fundi wa mashine bandarini. Mama Célestine alianika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, akawauza sokoni. Wote walimpenda Kapinga, na wote walikuwa wamechoka naye. Alianza kazi tatu bila kumaliza hata moja. Darasani aliinuka kabla hajaambiwa, akajibu maswali ya wenzake, akasahau la kwake. Papa alimchapa. Kapinga alilia, akaomba msamaha kwa moyo wote, na kesho yake akarudia.

Kilichowatisha zaidi ni bendera. Siku zile, bendera ilipopandishwa asubuhi, hakuna aliyeruhusiwa kutikisika. Hata wapita njia walisimama na mizigo yao kichwani mpaka wimbo wa taifa uishe. Kapinga alikuwa ametoka kwenye mstari mara mbili. Direkta wa shule alikuwa amesema kwamba mara ya tatu atamfukuza.

Lakini Mama alikuwa amegundua kitu. Alipompigia Kapinga kelele toka mbali, ilikuwa kama hakusema. Alipomkaribia, akamshika bega na kumwagiza jambo moja tu, Kapinga alilifanya vizuri. Ndipo Mama akamwomba mwalimu ruhusa, Monique asimame nyuma ya mdogo wake wakati wa bendera.

"Kila mstari wa wimbo ukiisha, umuguse bega kidogo," Mama alimwagiza Monique asubuhi hiyo. "Yeye atahesabu. Akiwa na kazi ya kuhesabu, miguu itatulia. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama."

Walipofika uwanjani, wasichana wa darasa la sita, darasa la Monique, walikuwa wamekwisha kupanga mstari. Lucie, ambaye Monique alitamani sana awe rafiki yake, alimwona akielekea kwa watoto wadogo.

"Angalieni, muchungaji wa mbuzi amefika!" alisema. "Monique, leo umesahau kamba?"

Wote walicheka. Uso wa Monique ukawaka moto.

"Leo utasimama peke yako," Monique alimnong'oneza Kapinga. "Wewe si mutoto tena."

"Lakini Yaya," Kapinga alimwambia dada yake, "nani atanigusa?"

Monique alimpa mgongo. Alikwenda kusimama kando ya Lucie.

Filimbi ikalia. Uwanja mzima ukanyamaza, wimbo ukaanza, na bendera ikapanda polepole. Monique alikaza macho kwenye kisigino cha mdogo wake. Kisigino kiliinuka, kikashuka, kikainuka tena. Wakati huo kuku na vifaranga vyake walipita chini ya mlingoti, na kifaranga kimoja kikanasa mguu kwenye kamba. Kapinga akachomoka. Alipiga magoti chini ya bendera iliyokuwa nusu njia, akaanza kukifungua kile kifaranga huku shule yote ikiimba.

Wimbo ulipoisha, hakuna aliyecheka. Hata Lucie hakucheka.

"Mwiteni baba yake," direkta alisema.

Papa Bonaventure alitoka bandarini na nguo zake za mafuta, akaingia biro, yaani ofisi ya direkta, akatoka ameinamisha kichwa. Nyumbani alikaa kitini na kumtazama mkewe.

"Alhamisi atapanda gari moshi. Atakwenda Kiambi kwa bibi yake, alime mihogo. Huko hakuna bendera."

"Na shule?" Mama aliuliza.

"Shule gani? Wamemufukuza! Mimi naambiwa mbele ya watu kwamba nalea mutoto wa kutukana nchi. Unajua mutu anaweza kufungwa kwa jambo hilo?" Kisha akamgeukia Monique. "Ulikuwa nyuma yake?"

"Ndiyo, Papa."

"Ulimugusa bega?"

"Ndiyo, Papa."

"Umesikia, Mama Monique? Dawa yako haifai."

Mama alimtazama Kapinga, kana kwamba anamwomba aseme kitu. Kapinga alimtazama dada yake, akafunga mdomo.

Siku ya pili alasiri Mama alikunja nguo za Kapinga na kuzitia ndani ya kitambaa. Monique na Kapinga walikuwa mchangani, wakigeuza ndakala ili wakauke upande wa pili. Monique hakuweza kuvumilia tena.

"Kwa nini hukusema kwamba sikuwa nyuma yako?"

"Papa angekuchapa." Kapinga alirusha ndakala mmoja juu, akamdaka. "Tena, wewe ukipelekwa Kiambi pia, nani atabaki na Mama?"

"Lakini kwa nini huwezi kusimama tu? Kama watu wote!"

Kapinga alifikiri. Kwake kufikiri kulikuwa kazi ngumu, na miguu yake ilichimba mchanga.

"Ninyi mnasikia wimbo," alisema. "Mimi nasikia wimbo, na kuku, na mutu anakohoa, na kamba inagonga mulingoti. Vyote vinaniita pamoja. Nikikumbuka bendera, nimekwisha kufika kwa kuku. Ukinigusa, ndipo nakumbuka mapema." Alifuta pua. "Sipendi kuwa hivi, Yaya."

Monique aliacha ndakala palepale, akaingia nyumbani. Papa alikuwa anakula.

"Papa, nilidanganya. Sikusimama nyuma yake. Niliona haya wenzangu wakinicheka. Kapinga anajua, na amenificha."

Papa alisukuma sahani. Mkono wake ulikwenda kwenye mkanda, na Monique akafumba macho. Alingoja. Alipofumbua, mkono ulikuwa bado pale, lakini mkanda haujafunguliwa.

"Huyu ambaye hawezi kukumbuka ndoo," Papa alisema polepole, "amekumbuka kukuficha siku nzima?"

"Ndiyo, Papa."

Papa aliinuka, akavaa shati safi na kwenda nyumbani kwa direkta. Alirudi jua linazama. Direkta alikuwa amekubali kumjaribu Kapinga asubuhi moja tu.

Jumatano Monique alipita mbele ya darasa la sita. "Muchungaji huyo!" Lucie alisema, lakini safari hii kwa sauti ndogo. Monique aliendelea kutembea. Papa alisimama nje ya ua pamoja na wapita njia, kofia mkononi.

Wimbo ulianza. Mstari wa kwanza, Monique akagusa. Wa pili, akagusa. Midomo ya Kapinga ilihesabu kimyakimya. Ghafla meli ikapiga honi bandarini, ndefu na nzito, na bega la Kapinga likaruka chini ya kidole cha Monique. Kichwa kiligeuka nusu kuelekea ziwani. Kisigino kikaondoka ardhini.

Mstari ukaisha. Monique akagusa.

Kisigino kikarudi chini. Kikakaa hapo mpaka bendera ilipofika juu.

Direkta alimtazama Kapinga kwa muda mrefu. "Ingieni darasani," alisema. "Wote."

Mchana ule Kapinga alirudi nyumbani bila daftari lake. Papa alifungua mdomo apige kelele, kisha akaufunga. Alimkaribia, akamshika bega na kusema, "Daftari." Kapinga akakimbia kulifuata.

Papa alimgeukia Monique. "Wewe ulikosa kwa kudanganya, na umesema kweli ungali na nafasi ya kutengeneza. Usiiache tabia hiyo ya kusema kweli. Mimi nimekosa zaidi. Miaka mitatu nimemuchapa huyu mutoto nikifikiri anakataa kusikia, kumbe alikuwa anajitahidi kuliko sisi wote. Kichwa chake kinakwenda mbio. Fimbo haikipunguzii mwendo, inamwongezea hofu tu. Mutoto wa namna hii anataka mutu wa kusimama karibu naye bila kuona haya."

Mlangoni Kapinga alitokea akihema, daftari mkononi. Papa akasogea kando ya benchi, akampa nafasi ya kukaa.