Mbeba Bendera wa Mfalme

Asubuhi ile sebule ilinuka jasho la farasi, na nyumba yenyewe haikuwa na hata paka. Mume alinusa soksi zake, kisha akamlaumu mkewe kwa kutofungua madirisha. Yalikuwa wazi tangu alfajiri.

Kazi yao ilikuwa kutunga michezo ya vita ya kompyuta. Mume alichora ramani, mke aliicheza kuijaribu. Safari hii walikuwa na vita vya mfalme shujaa wa Kihindi wa zama za kale, mwenye ndovu, ngome na uchu wa kuteka miji. Kila askari walimpa jina la mtu wanayemjua, maana askari asiye na jina, walisema, mchezaji humtupa ovyo. Mbeba bendera alipewa jina la binti yao wa miaka sita. Walicheka sana siku hiyo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Mchana, askari mwenye jina la muuza mikate alichomwa mkuki mchezoni. Saa hiyohiyo muuza mikate akaanguka dukani, kifua kimetoboka. Mke, kwa woga, akafuta jina la fundi cherehani ili amwokoe, na fundi akakutwa juu ya cherehani yake mifupa imesagika, kama aliyekanyagwa na ndovu.

Wakamwita mganga, bibi mmoja mkali asiyependa maswali. Alijitaja jina lake lote mbele ya kompyuta, ili jini aliyeingia humo ajue anashindana na nani.

"Jini aliyekuwa na mfalme huyo amepata jeshi lenye majina," alisema kwa sauti ya chini. "Jina halitoki mpaka jingine liingie mahali pake, na hilo msilithubutu. Nikimaliza kisomo atatoka. Vuteni subira."

Mume alisikia nusu ya kwanza tu.

Bibi akafumba macho, akaanza kusoma. Kwato zikasikika ndani ya kuta, na pale kwenye kioo cha kompyuta mfalme akageuka taratibu juu ya ndovu wake, akamnyooshea mbeba bendera kidole aende mbele ya lango peke yake, na chumbani mtoto akaanza kukohoa vumbi, vumbi jekundu lililomjaa puani na mdomoni huku akimwita baba yake, na kisomo kimebaki maneno machache tu, na mume, jasho likimtiririka, akaivuta kibodi polepole, akafuta jina la binti, akaandika jingine.

Mtoto akanyamaza. Bibi akafumbua macho, akamtazama mume kama mtu aliyeibiwa na mwenyeji wake, kisha kichwa chake kikaanguka mezani.

"Umefanya nini?" mke alinong'ona.

"Mtoto anapumua."

"Nimekuuliza umefanya nini."

Mtu pekee aliyeweza kumtoa jini alikuwa amelala pale na mshale shingoni. Kwenye kioo lango la ngome likafunguka, na maandishi yakajitokeza: vita vinavyofuata vinahitaji askari elfu moja wenye majina, na kwenye kila nafasi itakayobaki wazi atasimama binti yao.

Mume akaanza kulia. Alimwomba mkewe wafikirie kwanza, wasiwe na haraka, watu watakaoandikwa wana watoto wao pia.

Mke akamsogeza kando, akakaa kitini, akavuta kibodi. Alianza na mama mkwe.